Kamio ya jeshi inazima njiani: tafuta upepo kwanza, pompi kubwa baadaye

Wandugu, kamio hii mnaijua. Mercedes 911 ya zamani, ilivaa rangi ya jeshi kabla haijaanza kushusha makala (mkaa) na viazi vya Masisi hapa Goma. Moteri yake ni OM352, silinda 6, lita 5.7. Asubuhi inawaka bila shida, inakaribia mji wa Sake, inazima. Fundi wa kwanza kuitwa atataka kushusha pompi kubwa, ile inayosukuma mazutu (dizeli) kwa presha kwenye moteri. Mkatalie. Pompi ikifunguliwa bila benchi ya kuipimia hairudi kama ilivyokuwa, na mara nyingi haikuwa na kosa. Tafuta kwanza upepo ulioingia kwenye njia ya mazutu.

Kabla ya kugusa kitu, weka mawe kwenye magurudumu. Breki zake zinasaidiwa na upepo unaotoka kwenye moteri; moteri ikizima, usizitegemee.

1. Muulize shoferi ilizimaje. Ikiwa ilikata ghafla kama mtu ameizima, angalia mkono wa kuzimia ulio kwenye pompi na springi yake. Kamio nyingi za aina hii zina breki ya moshi, inayoziba bomba la moshi ili kupunguza mwendo, na inakata mazutu pia. Silinda yake ndogo ikikwama, kamio inashuka mlima vizuri, ikifika chini inakufa. Ikiwa ilihema, ikapoteza nguvu polepole, basi ina njaa ya mazutu. Endelea.

2. Legeza kifuniko cha tanki. Ukisikia kinavuta pumzi, tundu lake limeziba. Vumbi letu jeusi la volkano linapenda sana tundu hilo.

3. Jaribio la bidoni. Hili ndilo ninalolipenda kuliko yote. Chukua bidoni (dumu) safi yenye mazutu, ifunge imara juu kuliko moteri, mbali na bomba la moshi. Chomoa mpira wa tanki kwenye pompi ndogo ya kuvuta, weka mahali pake mpira mweupe unaoonyesha ndani. Toa upepo (tazama namba 5), washa moteri, tembea. Isipozima, ugonjwa uko nyuma, upande wa tanki. Lakini angalia: bidoni ikiwa juu, mazutu inashuka yenyewe, na pompi ndogo iliyochoka inajificha. Rudia bidoni ikiwa chini, usawa wa tanki. Ikizima hapo tu, umempata mwizi: ni pompi ndogo.

4. Upepo unaingia wapi? Wengi wanatafuta mahali panapovuja, hawaoni tone. Hawawezi kuona! Upande wa kutoka tanki mpaka pompi ndogo unavuta, hausukumi: tundu linaingiza upepo na nje panabaki pakavu. Angalia mipira iliyokauka, kioo cha filtri ndogo, na washa (pete ndogo) za shaba. Washa ya zamani ichome mpaka iwe nyekundu, itie majini. Inalainika na kuziba tena.

5. Toa upepo kwa pampu ya mkono: filtri kwanza, pompi kubwa baadaye, mwisho nati za mabomba ya nozo (zinazorusha mazutu ndani ya silinda) huku moteri ikizungushwa. Usiweke mkono mbele ya nozo. Mazutu yenye presha ile inapasua ngozi na kuingia mwilini.

Maswali ya wenzetu

— Papa fundi, nimebadilisha filtri zote, lakini inazima. Nikipumzika nusu saa inawaka tena.

Takataka iko ndani ya tanki. Inavutwa kwenye chujio cha tanki, moteri ikizima inaanguka chini. Shusha tanki, lioshe. Na mazutu ya makadhafi (wauza mafuta) wa barabarani iache ilale usiku mmoja, kisha ipitishe kwenye kitambaa.

— Mzee, nasikia kamio za jeshi zinakula kila kitu. Nichanganye esanse (petroli)?

Hapana, ndugu yangu. M35A2, kamio ya jeshi la Marekani yenye moteri LDT-465, ilitengenezwa kwa hiyo. OM352 ya kawaida siyo. Vipande vya pompi yake vinavyosukuma mazutu vinalainishwa na mazutu hiyo, na esanse inavikausha.

— Mimi ni mama mwenye kamio, siyo fundi. Nitajuaje kama nadanganywa?

Mama, akisema pompi imekufa, mwambie aweke ule mpira mweupe kati ya tanki na pompi ndogo, awashe moteri mbele yako. Ukiona povu linapita ndani, huo ni upepo, usimpe pesa ya pompi.