Netiweki inasumbua? Anza hapa kabla hujachoma bodi ya mtu

Juzi mama mmoja kaniletea simu, netiweki kamstari kamoja, fundi aliyempitia kabla yangu keshamwambia IC (chipu ya kwenye bodi) imekufa atoe elfu 60. Nimeifungua, waya wa antena umechomoka tu. Kwahiyo fuata mpangilio huu, usirukie bodi.

1. Toa laini uweke kwenye simu nyingine nzima, mkiwa mmekaa palepale. Ikisumbua na huko basi shida ni laini au mnara, usifungue kitu.

2. Piga *#06#. IMEI (namba ya utambulisho wa simu) isipokuja au ikija masifuri, achana na antena, hiyo ni programu au bodi. Ikija yenye tarakimu 15 endelea.

3. Mistari ya netiweki inadanganya, kila kampuni inachora yake. Ingia Mipangilio, Kuhusu simu, Hali ya SIM, usome dBm, kipimo cha nguvu ya netiweki. Ni namba za hasi: kwenye 4G -85 safi, -105 inaanza kuzingua, -115 kushuka chini hapo unaongea maneno yanakatika. Vua kava, hasa la chuma au la sumaku, soma tena, andika pembeni.

4. Sasa fungua. Zima simu, toa mfuniko, chomoa betri kwanza. Tafuta ule waya mwembamba wa antena unaotoka bodi kubwa kwenda bodi ndogo ya chaji, simu nyingi unakaa hapo na ndio unaosahaulika mtu akibadilisha kioo au betri. Kichwa chake ni kama kishikizo kidogo cha kubana, kiweke katikati kabisa afu bonyeza na kibanzi cha plastiki mpaka usikie "tik". Ukikibonyeza kimekaa upande unapinda pini ya katikati, mi nilishaharibu hivyo nikalipa bodi ya mtu. Una wasiwasi na waya wenyewe? Uchomoe pande zote mbili, mita (multimeter) weka kwenye mlio: katikati kwa katikati lazima ilie, katikati kwa ganda la nje isilie, ikilia tupa huo waya.

5. Angalia na vile vimiguu vya springi vinavyogusa antena ya fremu. Vyenye ukijani piga mswaki na spiriti ya 99% (isopropyl), vilivyolala viinue taratibu. Fremu za bei chee nyingine hazina hata antena yani, kuwa makini.

6. Vyote vizima ila mistari imejaa na ukipiga tu netiweki inapotea? Hapo simu inapokea vizuri ila kurusha haiwezi, mshuku PA, ile IC ya kukuza nguvu ya kurusha, kwenye bodi. Kama huna mashine ya hewa moto na mkono uliozoea mpelekee mwenye navyo.

Ukishafunga soma dBm ukiwa palepale uliposomea mwanzo. Ya yule mama ilitoka -117 ikaja -94, nikachukua elfu 5, akabaki ananiuliza ile 60 ilikuwa ya nini.