Kununua kichwa cha Scania kilichotumika: anza na kadi na chasisi, injini baadaye

Watu wakiniita niwakagulie lori, swali la kwanza huwa "injini ikoje, fundi?" Mimi naanzia kwingine. Injini ikifa, Dar es Salaam utapata nyingine ya mtumba, utafunga na kazi itaendelea. Chasisi iliyokatika na kadi yenye utata havina spea. Hapa nazungumzia kichwa cha Scania, yaani gari la kuvuta tela, cha difu mbili (ekseli mbili za nyuma zinazosukuma gari), R420, P380, 124 na ndugu zake, maana ndivyo vilivyojaa njia ya Tunduma. Mwenye kutaka Howo au Actros naye atapata mengi ya kumfaa.

Hatua ya 1: Kadi na namba ya chasisi

Dai kadi ya usajili yenyewe, si picha ya WhatsApp. Kisha tafuta namba iliyogongwa kwenye chasisi, kwa kawaida upande wa kulia kuelekea mbele. Futa grisi kwa kitambaa chenye dizeli, usome herufi moja moja. Scania iliyotoka Ulaya ina herufi na tarakimu 17. Nyingi huanza na YS2, zilizoundwa Sweden, au XLE, za Uholanzi. Herufi I, O na Q hazitumiki kabisa kwenye namba hizi, kwa hiyo ukiikuta mojawapo, chukua pikipiki urudi nyumbani. Pitisha na kidole: herufi ziwe na kina kimoja, na pasiwe na mahali palipopigwa grainda.

Kama jina la benki limo kwenye kadi, gari lina mkopo au mkopo uliisha na jina halikuondolewa. Vyote viwili ni kazi ya muuzaji kumaliza kabla hujatoa hata shilingi. Hakiki umiliki TRA (Mamlaka ya Mapato), tazama na faini za barabarani kwa namba ya gari. Dalali anayesema mwenye mali yuko safarini, mwache amsubiri arudi.

Hatua ya 2: Ingia uvunguni

Vaa ovaroli, beba tochi, brashi ya waya na futi ya kamba. Hapa usiwe na haraka, hata muuzaji akianza kutazama saa.

Nyufa huanzia kwenye matundu ya bolti, kwenye hanga za springi na pale sahani ya kubebea tela ilipofungwa. Mstari mwembamba wa kutu unaoshuka kutoka kwenye bolti unakwambia bolti hiyo inacheza. Rangi mbichi nyeusi uvunguni mwa gari la miaka 15 imepakwa kuficha kitu. Kwangua kidogo uone kama kuna welding chini yake.

Bamba la kuongezea nguvu chasisi wengine hulisifia. Mimi silipendi, na sababu yangu moja ni mizani. Kwa sheria ya uzito ya Afrika Mashariki, ekseli ya mbele hubeba tani 8, difu mbili za kichwa tani 18, na ekseli tatu za tela tani 24. Jumla tani 50, gari na mzigo pamoja. Kila kilo ya chuma uliyoongeza chini umeitoa kwenye mzigo wa mteja.

Halafu nyoosha magurudumu ya mbele, upime kutoka katikati ya hab ya mbele hadi katikati ya hab ya difu ya kwanza, kulia na kushoto. Vipimo vikipishana sana, ekseli imehama, au gari lilishapinduka.

Kama unanunua na tela, pima kingpini, ile pini ya tela inayokaa kwenye sahani ya kichwa. Ikiwa mpya ina kipenyo cha milimita 50.8, ikishuka chini ya 49, ibadilishwe.

Hatua ya 3: Injini ikiwa baridi

Mwambie muuzaji mapema asiliwashe. Ukifika ukakuta injini ina joto, rudi kesho asubuhi. Fungua kifuniko cha oili: utando mweupe kama maziwa ni maji yaliyoingia kwenye oili. Washa. Moshi wa bluu usiokoma ni oili inayoungua, na mweusi mzito ni nozeli au tabo (turbo). Fungua tena kifuniko injini ikinguruma taratibu. Pumzi kidogo ni kawaida, lakini ikitoka kwa nguvu, ringi zimechoka. Gari likiwa la mfumo wa AdBlue, kimiminika cha kusafisha moshi, uliza kama umeondolewa, na aliyeuondoa ni nani.

Hatua ya 4: Upepo

Jaza upepo wa breki hadi kompresa ikate, zima injini, kanyaga breki uishikilie dakika moja. Mshale usishuke zaidi ya robo ya bar. Zunguka ukisikiliza kila busta, kopo la upepo linalosukuma breki ya gurudumu. Fungua na koki za mitungi. Yakitoka maji yenye oili, kompresa na draya (kikausha upepo) vinakusubiri wewe.

Hatua ya 5: Barabarani, na mzigo

Gari tupu halisemi ukweli. Omba liwe na mzigo, utafute mlima wowote ulio karibu, si lazima Kitonga. Gia inayoruka ukiachia mafuta, joto linalopanda baada ya nusu saa, retarda (breki ya ziada ya kupunguza mwendo) isiyoshika mteremkoni: yote hayo huonekana hapo tu. Ukirudi, lala tena chini uone kilichoanza kuvuja kwenye giaboksi na difu.

Kama dereva wake yupo, mnyweshe chai yeye na utingo wake, muuzaji akiwa mbali. Wale ndio waliolala nalo porini.

Hatua ya 6: Tairi, kisha bei

Tarakimu 4 za mwisho za namba ya DOT, iliyo ubavuni mwa tairi, ni wiki na mwaka wa kutengenezwa: 2319 ni wiki ya 23 ya 2019. Kichwa hiki kina tairi 10. Andika zipi za kubadilisha, piga hesabu kwa bei ya dukani ya siku hiyo, ongeza busta na kingpini ulizokuta mbovu, na jumla hiyo ndiyo unayomwekea muuzaji mezani aitoe kwenye bei yake.