Tunga shanga zote kabla ya kufuma waya

Ukifuma bangili ya waya kwa kroshia, shanga zote zinaingia kwenye waya kabla ya fundo la kwanza. Ukipungukiwa katikati itabidi ukate waya, na kiungo kitaonekana, kwa hiyo tunga kumi au kumi na tano za ziada. Usikate waya kutoka kwenye kigurudumu chake mpaka umalize.

Waya wa shaba wa milimita 0.3 na sindano ya kroshia ya chuma, ile yenye ndoano, ya milimita 2.5 au 3 vinafaa. Waya mnene kuliko 0.4 unaumiza vidole na haukunjiki vizuri.

Shanga za mikufu iliyokatika zioshe kwa maji ya vuguvugu na sabuni, kisha zikague matundu moja moja kwenye mwanga. Tundu la ushanga wa kioo lililomeguka lina ncha kali inayokwangua waya, na hapo ndipo utakapokatika baadaye. Utupe ushanga huo, hata ukiwa mzuri kuliko zote.

Fuma mnyororo mlegevu: sogeza ushanga hadi kwenye sindano, vuta waya ulio nyuma yake upite kwenye kitanzi, fuma kitanzi kimoja kitupu bila ushanga, kisha ushanga mwingine. Usikaze kama unavyofuma uzi. Ukikosea, ni afadhali uache kosa hilo, maana waya uliofumuliwa na kukunjwa tena huwa mgumu na kukatika. Ukiona waya umejipinda kitanzi, ufungue kwa vidole kabla ya kuvuta. Minyororo mitatu ya sentimita 18, ukiisuka pamoja, inatosha bangili moja. Ncha zizungushie kwenye kifungo mara tatu, uzibane kwa koleo zisichome ngozi.