Namna ya Kuongoza Muziki kwenye Simu ya Kugusa Isiyo na Vitufe

Simu za muziki za mwishoni mwa miaka ya 2000, kama Nokia 5310 XpressMusic iliyotoka mwaka 2007, zilikuwa na vitufe vya muziki pembeni mwa kioo: kimoja cha kucheza na kusimamisha, na vingine viwili vya kwenda mbele na kurudi nyuma. Mwenye simu aliingiza mkono mfukoni, akapapasa, akabonyeza, na wimbo ukabadilika bila yeye kuacha alichokuwa akikifanya. Simu ya kugusa iliuondoa uwezo huo, kwa sababu kioo chake ni laini kote, na kidole hakiwezi kutambua kwa kupapasa mahali kilipo kitufe ambacho ni picha tu. Matokeo yake ni kwamba watu wengi, kila wanapotaka kuruka wimbo mmoja, huwasha kioo, huweka namba ya siri, huitafuta programu ya muziki, huifungua, na ndipo hubonyeza. Safari hiyo yote si ya lazima. Simu za Android na iPhone zina njia za kuongoza muziki bila kuifungua programu, na baadhi ya njia hizo hazihitaji hata kutazama kioo.

Njia ya kwanza ni kadi ya muziki inayojitokeza kwenye skrini iliyofungwa. Muziki ukiwa unacheza, washa kioo bila kuifungua simu, na utaiona kadi yenye jina la wimbo, jina la msanii na alama tatu zinazojulikana: pembetatu ya kucheza, ambayo hugeuka kuwa mistari miwili ya wima wimbo ukianza, na mishale ya wimbo uliotangulia na unaofuata. Huhitaji namba ya siri wala alama ya kidole ili kuzigusa. Simu ikiwa imefunguliwa na unatumia programu nyingine, kwenye Android telezesha kidole kutoka juu ya kioo kwenda chini, na kadi ileile itaonekana. Tangu Android 11 ya mwaka 2020 kadi hiyo imewekwa pamoja na mipangilio ya haraka, haichanganyiki tena na arifa za ujumbe. Kwenye iPhone za kuanzia iPhone X ya mwaka 2017, telezesha kidole kutoka pembe ya juu kulia kwenda chini ili ufungue ukurasa uitwao Control Center. Kwenye iPhone zenye kitufe cha duara chini ya kioo, ukurasa huo hufunguliwa kwa kutelezesha kidole kutoka ukingo wa chini kwenda juu.

Kadi hii ina mambo ambayo wengi hawayatumii. Kwenye simu nyingi zenye Android 13 au zaidi, mstari unaoonyesha wimbo umefika wapi huwa na mawimbi wimbo ukiwa unacheza na hunyooka wimbo ukisimama, hivyo kutupa jicho mara moja kunatosha kujua hali ya muziki hata kama sauti imezimwa. Mstari huo unaweza kuburutwa kwa kidole ili kurudia ubeti au kuruka utangulizi mrefu. Ikiwa umefungua programu mbili za sauti, kwa mfano ya muziki na ya mahubiri, kadi zao hukaa ubavuni mwa nyingine, nawe hupita kutoka moja hadi nyingine kwa kutelezesha kidole kando. Upande wa juu wa kadi kuna alama ya kifaa kinachotoa sauti. Iguse, na utaweza kuhamisha muziki kutoka kwenye simu kwenda kwenye spika ya Bluetooth bila kuingia kwenye mipangilio.

Mshale wa kurudi nyuma unastahili maelezo yake, kwa kuwa huwachanganya watu. Wimbo ukiwa umekwisha kucheza kwa sekunde kadhaa, programu nyingi huuchukulia mguso wa kwanza wa mshale huo kuwa ni ombi la kuuanza upya wimbo uleule. Ili kuupata wimbo uliotangulia, gusa mara ya pili papo hapo, wimbo ukiwa ndiyo kwanza umeanza. Anayedhani kitufe kimeharibika kwa kawaida hugusa mara moja, husubiri aone kitakachotokea, kisha hugusa tena akiwa amechelewa, na wimbo huendelea kujirudia.

Kadi isipoonekana kwenye skrini iliyofungwa, chunguza mambo mawili. La kwanza ni arifa: fungua Mipangilio, nenda kwenye Arifa, na uhakikishe kwamba zimeruhusiwa kuonekana simu ikiwa imefungwa. La pili, ambalo kwa maoni yangu ndilo chanzo cha usumbufu mwingi zaidi, ni betri. Watengenezaji wengi wa simu za Android, hasa za bei nafuu, huzipa simu zao utaratibu wa kuzima programu zinazofanya kazi kioo kikiwa kimezimwa, na programu ya muziki huzimwa pamoja na nyingine. Muziki hukatika katikati ya wimbo na kadi hutoweka. Nenda kwenye Mipangilio, kisha Programu, ichague programu yako ya muziki, fungua sehemu ya Betri, na uiruhusu kutumia betri bila vizuizi. Ikiwa unasikiliza kupitia YouTube bila kulipia, usitafute kosa kwenye simu yako, kwa kuwa kwa kawaida huduma hiyo huwapa uwezo wa kusikiliza kioo kikiwa kimezimwa wale waliojiunga na YouTube Premium.

Hata hivyo kadi bado inakudai utazame kioo, na kuna saa ambazo kioo hakifai. Kioo cha simu za siku hizi hutambua kidole kwa kuwa mwili hupitisha umeme, kwa hiyo mikono iliyolowa maji au iliyovaa glavu za kawaida hukikosesha mwelekeo. Mpishi anayekanda unga, fundi mwenye grisi viganjani, na mtu aliyebanwa ndani ya daladala huku akishikilia bomba la juu kwa mkono mmoja, wote wanahitaji kitufe halisi cha kubonyeza. Kitufe hicho hupatikana kwa urahisi kwenye waya wa vipokea sauti vya masikioni.

Tazama pini ya vipokea sauti vyako kabla ya kununua au kutumia. Pini yenye pete tatu nyeusi ina njia nne za umeme, mojawapo ikiwa ya maikrofoni, na kitufe kilichopo kwenye waya hutumia njia hiyohiyo ya maikrofoni kupeleka amri kwenye simu. Pini yenye pete mbili tu haina njia hiyo, na hakuna mpangilio wowote wa simu utakaoifanya iongoze muziki. Ukishakuwa na vile vyenye maikrofoni, kanuni ni hizi: bonyeza mara moja kusimamisha au kuendelea, bonyeza mara mbili harakaharaka kwenda wimbo unaofuata, na mara tatu kurudi nyuma. Mibonyezo ifuatane bila kupumzika. Utagundua kwamba ukibonyeza mara moja simu huchelewa kidogo kabla ya kutii; hilo si kasoro, maana simu inasubiri kuona kama kuna mbonyezo wa pili unaokuja. Ukikishikilia kitufe kwa muda mrefu, utamwita msaidizi wa sauti badala ya kubadilisha wimbo.

Vitufe vya kuongeza na kupunguza sauti vilivyopo kwenye waya havina uhakika kama kile cha katikati. Vipokea sauti vya Apple vyenye pini ya duara, kwa mfano, vikichomekwa kwenye simu ya Android mara nyingi kitufe cha katikati hufanya kazi huku vya sauti vikikaa kimya. Na ikiwa nyimbo zinajiruka au kujisimamisha zenyewe, safisha tundu na pini kwanza, kwani jasho au vumbi likigusanisha njia ya maikrofoni na nyingine, simu hudhani umebonyeza kitufe. Jambo jingine la manufaa ni kwamba kuchomoa pini kwa ghafla husimamisha muziki kwenye Android na iPhone, ili simu isianze kupiga kelele mbele za watu. Ukiitwa kwa haraka na huna nafasi ya kutafuta kitufe, vuta waya.

Vipokea sauti visivyo na waya navyo vina amri zake. Kwenye AirPods Pro, hubanwa kijiti cha chini: mara moja kusimamisha, mara mbili kwenda mbele, mara tatu kurudi nyuma. Vya bei nafuu vingi hutumia mguso juu ya ganda, na amri hutofautiana kutoka aina moja hadi nyingine, kwa hiyo karatasi iliyomo ndani ya boksi isitupwe kabla ya kusomwa. Mimi huona vile vya kubana ni bora kuliko vya kugusa, kwa sababu kile cha kugusa huipokea hata nywele au ukingo wa mtandio kama amri.

Kwa wale ambao vitufe vya sauti vya pembeni mwa simu vimekufa, suluhisho limo ndani ya sehemu ya Ufikivu, inayotambulika kwa alama ya mtu aliyenyoosha mikono. Kwenye Android, washa Menyu ya Ufikivu, na kwenye kioo kitabaki kitufe kidogo ambacho ukikigusa hufungua menyu yenye alama za kuongeza na kupunguza sauti. Simu za Samsung zina menyu yao ya namna hiyo iitwayo Assistant menu. Kwenye iPhone, fungua Settings, kisha Accessibility, kisha Touch, na uwashe AssistiveTouch. Amri za kuongeza na kupunguza sauti zimo chini ya Device. Nimewaona watu wakilipa fundi kwa tatizo ambalo menyu hizi zingelimaliza kwa dakika moja.

Kwenye ukurasa huohuo wa Touch kuna Back Tap, iliyoletwa na iOS 14 mwaka 2020 kwa iPhone 8 na zilizofuata, ambayo huigeuza migongo ya simu hizo kuwa kitufe: gonga mara mbili au tatu mgongoni, na sauti hupanda au hushuka. Ili mgongo huo usimamishe muziki, tengeneza kwanza amri ya Play/Pause kwenye programu ya Shortcuts, kisha uichague kwenye Back Tap. Simu za Pixel zenye Android 12 au zaidi, kuanzia Pixel 4a 5G, zina jambo linalofanana liitwalo Quick Tap, nalo lina chaguo la kucheza na kusimamisha bila kutengeneza chochote.

Wasioona wana njia iliyo nyepesi kuliko zote, na inasikitisha kwamba haisemwi vya kutosha. VoiceOver, huduma ya iPhone inayosoma kioo kwa sauti, ikiwa imewashwa, gonga kioo mara mbili kwa vidole viwili kwa pamoja, popote pale, na muziki husimama au huendelea. TalkBack ya Android hufanya hivyohivyo kwenye simu zinazokubali amri za vidole vingi. Kioo kizima huwa kitufe kimoja kikubwa, na hakuna cha kutafuta.

Anayeendesha gari au pikipiki apange orodha ya nyimbo kabla ya kuondoka na simu aiweke mbali na mkono. Redio ya gari yenye Bluetooth kwa kawaida hupeleka amri za mbele na nyuma kwenye simu kupitia vitufe vyake yenyewe, na vitufe vya usukani hufanya vivyo hivyo pale vilipo.

Kwa anayelala na muziki, iPhone huusimamisha yenyewe: fungua Clock, ingia Timer, weka muda unaoutaka, gusa When Timer Ends, na mwishoni kabisa mwa orodha ya milio chagua Stop Playing. Kwenye Android, tafuta kipima muda cha kulala ndani ya programu yenyewe ya muziki. VLC na Spotify zote zinacho.