Kupata kazi ya chuoni ukiwa na deni la karo

Nilisoma chuo cha umma huku magharibi mwa Kenya, safari fupi ya matatu kutoka mji wa Luanda, ambako mama huuza nyanya na vitunguu sokoni. Miaka mitatu nilifanya kazi maktabani chini ya mpango wa kazi na masomo, yaani mwanafunzi anafanya kazi chuoni na kulipwa. Ninakuandikia wewe uliyepata ufadhili na mkopo, ukapiga hesabu, ukaona bado kuna pengo.

Kwanza lijue pengo lenyewe kwa shilingi. Enzi zangu tulitegemea mkopo wa HELB, bodi ya serikali ya mikopo ya elimu ya juu, kati ya shilingi 35,000 na 60,000 kwa mwaka. Mfumo wa kugharamia masomo ulioanza 2023 unagawa gharama ya kozi mara tatu: ufadhili wa serikali, mkopo, na mchango wa familia. Mara nyingi ni hilo fungu la familia linalowakosesha watu usingizi. Chukua taarifa ya karo kwenye ofisi ya fedha na uione salio kwa macho yako. Usikimbilie kuomba mkopo zaidi kabla hujauliza kuhusu kazi. Mkopo wa HELB una riba ya asilimia 4 kwa mwaka na utaulipa ukishamaliza masomo. Pesa uliyoitolea jasho maktabani hakuna atakayekudai.

Maombi hupitia ofisi inayoshughulikia masuala ya wanafunzi. Nenda mwenyewe wiki ya kwanza ya muhula na usome ubao wa matangazo nje ya mlango, maana tangazo linaweza kukaa pale siku chache tu. Beba nakala za kitambulisho cha taifa na cha chuo, taarifa ya karo, ratiba ya masomo, barua ya chifu, na kama umefiwa na mzazi, cheti cha kifo. Barua ya chifu itafute ukiwa bado nyumbani. Niliwahi kulipa nauli ya kwenda na kurudi kwa ajili ya muhuri tu, na nauli hiyo ilikuwa chakula changu cha siku tatu.

Sasa barua ya maombi, na hapa nataka unisikilize vizuri. Ya kwanza niliandika kurasa mbili za shida za nyumbani. Zote zilikuwa kweli, lakini sikujibiwa. Muhula uliofuata niliandika ukurasa mmoja: nadaiwa shilingi 11,400, mama ni mchuuzi na tuko watoto watano, niko huru Jumanne na Alhamisi kuanzia saa nane mchana, na Jumamosi kutwa, shuleni nilikuwa msimamizi wa maktaba. Anayesoma barua hizo ana rundo mbele yake na ana zamu za kujaza. Hali yako aijue kwa sentensi mbili au tatu, kisha aone ni zamu gani utaijaza.

Chagua kazi kwa kuangalia ratiba yako. Jikoni na kwenye mesi kuna kuamka alfajiri na kusimama muda mrefu; rafiki yangu alikuwa akisinzia kila somo la saa mbili asubuhi. Kufyeka nyasi ni kazi ya asubuhi pia, na mvua za Aprili haziulizi kama una jaribio. Maktaba, maabara ya kompyuta na maofisi hugombaniwa zaidi. Kupanga vitabu kwenye rafu kulinifundisha vitabu vya kozi yangu vilipo kuliko mhadhiri yeyote. Saa kumi kwa wiki zilinitosha. Nilipojaribu kumi na sita, alama zangu zilishuka muhula huohuo.

Kabla hujaanza, uliza malipo yanakwenda wapi. Kwetu yaliingia moja kwa moja kwenye akaunti ya karo, na mimi nilikuwa nimeshamwahidi mama pesa za dawa. Kumpigia simu kumwambia hazipo kuliniuma sana. Kama hali ni hiyo chuoni kwako, pesa ya chakula ipangie kwenye mkopo wa kujikimu na deni la karo uliachie kazi.

Saa zako ziandike mwenyewe. Karatasi yangu ya mwezi mmoja ilipotea ofisini, nikakosa malipo ya saa 22. Tangu siku hiyo niliweka daftari dogo, msimamizi akitia sahihi kila Ijumaa, nami napiga picha ukurasa kwa simu. Malipo yakichelewa na mitihani imekaribia, mwombe msimamizi barua inayothibitisha saa ulizofanya uipeleke ofisi ya fedha mapema, usingoje hadi umenyimwa kadi ya mtihani.

Ukikosa nafasi, rudi wiki ya tano au ya sita. Majaribio yakianza, wapo wanaoacha zamu zao bila kuaga, na msimamizi hana muda wa kutangaza upya. Hata barua yangu ya pili haikunipa nafasi mara moja. Nilirudi Jumatatu ya wiki ya sita, nikamkuta msimamizi wa maktaba anapanga vitabu peke yake. Aliniuliza kama naweza kuanza saa nane mchana huo.