Jinsi ya kuomba kiraka chako (patch) kipokelewe kwenye kbuild ya Linux (mstari mmoja, wiki tano)

Wakuu, kuna mstari mmoja wa Makefile nimeuandika kwa dakika mbili na umenichukua wiki tano mpaka ukapokelewa, kwa hiyo naandika hapa hasira zikiwa bado za moto ili mwenzangu usizunguke nilikozunguka. Naongelea kbuild, yaani zile Makefile, Kconfig na skripti zinazogeuza sosi ya Linux kuwa kerneli inayowaka. Madereva na mengine yana wenyewe. Git na terminali najua unavijua, sifundishi hapo.

Kuchukua sosi

Historia nzima ya Linux ni GB kadhaa na mimi natumia bando, so nikapiga `git clone --depth 1` nikajiona mjanja sana. Ikashuka chap, ikajengeka, maisha yakaendelea. Usifanye hivyo, nitakwambia kwa nini tukifika kwenye Fixes, ule mstari unaotaja komiti iliyoleta kosa. Kama mtandao wako ni wa kubahatisha, kernel.org wana faili moja linaitwa clone.bundle, unalishusha kwa `wget -c`, umeme ukikatika unaendelea pale ulipoishia. Git clone ya kawaida ikikatika katikati unaanza moja, na bando limeshaenda.

Kingine, usifanyie kazi kwenye sosi ya distro yako (mfumo wa Linux uliowekwa kwenye mashine yako). Fungua faili la MAINTAINERS, tafuta KERNEL BUILD, mstari wa `T:` unakupa anwani ya git ya watunzaji wenyewe. Kiraka kikae juu ya hiyo.

Vifaa na konfigi

gcc, make, flex, bison, bc, na heda za libelf na openssl. Ukisahau kimoja itakuambia yenyewe. Folda isiwe na nafasi kwenye jina, ukiiita "Kazi Zangu" unarudishwa mlangoni hata hujasalimia.

Watu wengi wanakopi konfigi ya /boot. Mimi pia. Nusu saa baadaye ujenzi unakufa unalalamika hakuna faili fulani la .pem, kumbe konfigi ya distro inaelekeza kwenye cheti chao ambacho kwenye sosi yako hakipo. Dawa ni `scripts/config --set-str SYSTEM_TRUSTED_KEYS ""`, ila ukweli kwa kazi ya kbuild huhitaji konfigi nzito vile, na ile taarifa ya debagi waliyoiwasha inakula makumi ya GB za diski. `make O=../jenga defconfig` inatosha kabisa. Ikikwambia sosi si safi uendeshe `make mrproper`, kopi kwanza .config yako pembeni maana mrproper inafagia na hiyo, haiulizi.

Kumkamata mdudu

Jenga mara mbili mfululizo bila kugusa kitu. Mara ya pili inatakiwa ipite bila kukompaili chochote. Kwangu kila nikiendesha make kuna faili moja la .h linatengenezwa upya, na kila kinacholitegemea kinajengwa upya, leptopu inapiga feni kama inataka kuruka. Hapo ndipo unatumia `make V=2`, inakuandikia sababu pembeni ya kila inachokijenga. Yangu ilisema `due to` jina la faili halafu `not in $(targets)`.

Maana yake hivi. Kbuild ikishajenga kitu kwa `if_changed` inaandika amri iliyotumika kwenye faili la kujificha linaloishia na .cmd, hapohapo jirani na kilichojengwa. Safari ijayo inalinganisha amri ya zamani na mpya, zikifanana inaacha. Ila hayo mafaili ya .cmd inayasoma kwa vile tu vilivyotajwa kwenye `targets`. Ambacho hakikutajwa inakiona kigeni kila siku, inajenga upya. Kwa hiyo dawa ni mstari mmoja, `targets += jina.h`.

Mimi nikaandika `targets += $(obj)/jina.h`, maana kila sehemu nyingine ya ile Makefile walikuwa wameandika `$(obj)/`. Hakuna kosa lililotokea. Hakuna onyo. Na V=2 bado inaniambia not in targets, nami naangalia kwa macho yangu mawili ipo, iko pale, nimeiandika mwenyewe! Nikafuta, nikaandika tena, nikafanya mrproper (na .config ikaenda, ndiyo maana nimekwambia kopi). Saa nane usiku ndo nasoma Documentation/kbuild/makefiles.rst kwamba kwenye targets huweki `$(obj)/`, kbuild inaiongeza yenyewe, kwa hiyo mimi nilikuwa nimetaja faili lililoko kwenye njia iliyojirudia mara mbili, ambalo halipo duniani. Ingekuwa na ustaarabu ingeniambia.

Maelezo na kiapo

Kichwa kianze na `kbuild:` au jina la sehemu husika, kiwe cha kuamrisha, halafu eleza tatizo kwanza ndipo dawa. Mistari isizidi herufi 75. `git commit -s` inakuwekea Signed-off-by, na hiyo ni kiapo kwamba una haki ya kuitoa hiyo kodi (code), ipo tangu 2004, so weka jina linalokutambulisha, siyo la utani la mtandaoni.

Sasa Fixes. Kama unarekebisha kosa unataka kutaja komiti iliyolileta, herufi 12 za mwanzo za heshi yake na kichwa chake kwenye mabano. Unaipata kwa `git blame`. Nikapiga blame, ikanipa heshi, nikaibandika. Kumbe ukishusha kwa depth 1 git haijui historia yoyote, kwa hiyo mistari yote ya faili inamtwisha komiti mmoja tu wa mwisho uliyeshuka naye. Ile alama ya `^` mbele ya heshi ndiyo ilikuwa inaniambia hivyo, nami nikaiona pambo. Nikawa nimemshitaki mtu wa watu aliyerekebisha kitu cha sauti jana yake kwamba ndiye kaharibu Makefile. Jibu lililokuja lilikuwa la adabu mno, kwamba "hiyo komiti haikugusa faili hili", na adabu ya namna hiyo inauma kuliko tusi. Na siyo suala la aibu peke yake, wanaorudisha marekebisho kwenye matoleo ya zamani wanaifuata hiyo heshi kujua wapeleke wapi.

Ikabidi `git fetch --unshallow`. Yaani zile GB nilizozikimbia nikazilipia tu, na wiki nzima juu.

Kutuma

Pitisha `scripts/checkpatch.pl --strict`, huyo ni mlinzi wa getini, anakagua begi tu, akikuruhusu haimaanishi umepokelewa ndani. `scripts/get_maintainer.pl` inakupa majina na listi za barua pepe za kuwatumia kiraka.

Kisha barua pepe. Ndiyo, barua pepe, mwaka huu, hakuna kitufe cha kubonyeza. Bila kiambatisho, bila HTML, kiraka kinakaa ndani ya mwili wa barua. Mimi toleo la kwanza nilikopi nikabandika kwenye brauza nikatuma, na brauza ikageuza kila herufi ya tabu kuwa nafasi za kawaida. Kwenye C labda ungekuta mtu wa kukuonea huruma, lakini hii ni Makefile, mstari wa amri usipoanza na tabu make inakwambia `missing separator` na kulala, na kiraka chenyewe hakishiki popote maana mistari ya pembeni haifanani tena na ya kwao. Jina tabu wamelipatia.

Tumia `git send-email`. Watoa huduma wengi wa barua pepe siku hizi wanataka nywila maalumu ya programu, unaitengeneza baada ya kuwasha uhakiki wa hatua mbili. Kama mtandao wako umefunga poti ya 587 inayopitisha barua pepe (wangu umefunga, niliongea na huduma kwa wateja mara tatu na kila mmoja akaniambia nizime ruta niwashe), kuna zana inaitwa b4 ambayo `b4 send` yake inaweza kupitia wavuti wa kernel.org badala ya SMTP. Kwa vyovyote vile jitumie mwenyewe kwanza, hifadhi ile barua, iingize kwa `git am` kwenye tawi safi, ujenge mara mbili. Ikikataa kwako itakataa na kwao.

Foleni

Kila toleo likitoka linafunguliwa dirisha la kuunganisha, wiki mbili, halafu zinakuja rc (matoleo ya majaribio) kila wiki mpaka rc7 au rc8, mzunguko mzima kama wiki tisa au kumi. Katika hizo wiki mbili watunzaji wanahangaika na mizigo ya kumpelekea Linus Torvalds, mkuu wa Linux, hawana muda na mgeni. Mimi nilituma siku ya pili ya dirisha. Kimya kama umepiga hodi nyumba ya watu waliosafiri. Subiri rc1 ndipo utume, na wakikaa kimya, angalau wiki moja ipite kabla ya kukumbusha, hivyo ndivyo mwongozo wao unavyosema. Ukijibu, jibu chini ya maneno ya mwenzio, usiandike juu.

Kwenye toleo la pili, mbali na aibu ya Fixes, niliulizwa kwa nini nimeuacha mstari wa `clean-files` wenye jina lilelile. Swali zuri: kilichoko kwenye targets `make clean` inakifuta yenyewe, ule mstari haukuwa na kazi tena. Nikautoa. `git format-patch -v3`, na orodha ya ulichobadilisha iweke chini ya zile `---` ili isiingie kwenye historia.

Siku nne baadaye likaja neno moja, applied. Sasa kiko linux-next, mti wa kukusanyia viraka vya toleo lijalo, kinasubiri dirisha lijalo. Juzi nikajaribu V=2 kwa arm64 nikakuta kingine cha ukoo uleule, hicho nimeshakiandika ila nakituma rc2, na safari hii blame haina `^`.