Kuandaa shindano la piano Dodoma kwa kanuni za Warsaw

Kabla ya kutafuta ukumbi na wafadhili, andikeni kanuni za alama. Ugomvi mkubwa huzuka hapo, hata kwa wakongwe. Shindano la piano la Chopin la Warsaw, Poland, lilianza mwaka 1927 kwa wazo la mpiga piano Jerzy Żurawlew. Mwaka 1980 majaji waligawanyika vibaya juu ya mshiriki Ivo Pogorelich. Alipoenguliwa kabla ya fainali, Martha Argerich, mshindi wa 1965, akajitoa kwenye jopo.

Kanuni za Warsaw za mwaka 2021 zilikuwa na mambo matatu ya kuchukua yalivyo. Jaji alitoa alama 1 hadi 25, na kando yake aliandika "ndiyo" au "hapana" kama mshiriki aendelee. Mwalimu hakumpa alama mwanafunzi wake. Alama iliyopishana mno na wastani ilisogezwa hadi kikomo kilichowekwa.

Majaji watano wanatosha. Kila mmoja aandike peke yake, asaini, karatasi ikusanywe kabla mshiriki anayefuata hajaketi. Wasijadiliane, maana mwenye heshima kubwa mezani atawaburuta wengine bila hata kukusudia. Tuseme mmepanga kikomo cha kupishana kuwa alama 3, na zimekuja 20, 21, 19, 22 na 8. Wastani ni 18. Ile 8 inapanda hadi 15, na 22 inashuka hadi 21. Wastani mpya ni 19.2. Hesabu hii ifanywe mara moja tu, la sivyo mtasahihisha hadi usiku.

Andikeni pia kama zawadi ya kwanza inaweza kukosa mtu. Warsaw haikuitoa mwaka 1990 wala 1995. Mkilitangaza hilo baada ya fainali, wazazi hawatawaelewa.

Mpangilio wa kupiga: Warsaw huchagua herufi kwa kura, kisha hufuata majina ya ukoo. Huku kwetu, ambako herufi M peke yake inaweza kujaza nusu ya orodha, tumieni vikaratasi vya namba. Washiriki 12 wakipewa dakika 15 kila mmoja, na dakika 5 za kubadilishana, jumla ni muda wa saa nne bila mapumziko. Zaidi ya hapo masikio ya majaji yanachoka.

Sasa piano yenyewe, ambayo Dodoma ndiyo kazi ngumu. Mvua ni za Desemba hadi Aprili. Miezi mingine hewa ni kavu na upepo hauishi. Mbao zikikauka, ubao wa sauti (ubao mpana chini ya nyuzi unaokuza sauti) husinyaa na kushuka, nyuzi hulegea, sauti inateremka. Mbao zinazoshika pini za nyuzi nazo husinyaa, na pini iliyolegea haishiki hata fundi akiwa hodari. Kwa hiyo pelekeni piano ukumbini wiki mbili kabla, mbali na dirisha, jua na kiyoyozi. Wekeni kipima unyevu karibu nayo. Lengo ni asilimia 40 hadi 50. Ikishuka chini ya 35, fungeni madirisha na washeni mashine ya kuongeza unyevu. Ndoo ya maji haisaidii kitu kwenye ukumbi mkubwa.

Ityuniwe mara mbili: wiki moja kabla, kuirudisha noti ya La (A) kwenye hezi 440, yaani mitetemo 440 kwa sekunde, kisha siku ya mkesha. Mara moja haitoshi kama sauti imeshuka sana, kwa sababu kila uzi unaokazwa huongeza mzigo kwenye ubao, na nyuzi zilizokwisha kutyuniwa zinashuka tena. Fundi akitoka Dar es Salaam, treni ya SGR inamfikisha mapema, lakini mlipieni malazi: nyuzi chache lazima ziguswe tena mchana wa shindano.

Piano ya umeme, iwe na vitufe 88 vizito, ibaki chumba cha mazoezi. Ya nyuzi ikiharibika katikati ya raundi, raundi nzima irudiwe kwenye ile ya umeme. Mkichanganya, alama hazilinganishiki.